Pierre Bézier: Mhandisi aliyeipa tarakilishi ustadi wa mkono wa fundi

FUNDI wa kuchomelea vyuma katika Changamwe, bara ya Mombasa, huonekana ustadi wake siku anapokabidhiwa mabomba mawili na kuagizwa ayaunganishe, moja likiingia ubavuni mwa jingine.

Mdomo wa bomba linaloingia hauwezi kukatwa wima kama mtu akatavyo muwa. Ukikatwa hivyo utaligusa bomba la pili mahali pawili tu, na kando zake zitabaki mianya ambayo hakuna uchomeleaji utakaoiziba sawasawa. Mkato unaofaa ni ule unaopanda na kushuka ukifuata mgongo wa bomba la pili.

Fundi anayeijua kazi yake hachukui msumeno kwanza. Huchukua karatasi, akaipima iwe sawa na mzunguko wa bomba, akaigawa sehemu 12 au 16 zilizo sawa, kisha akaweka nukta ya kina katika kila sehemu. Akiziunganisha nukta hizo, hupata mstari mfano wa wimbi. Karatasi ile ikivishwa bomba, wimbi hilo huwa njia ya kukatia.

Ni maarifa ambayo Changamwe imeyahitaji kwa miaka mingi, hasa tangu mwaka wa 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta kilipofunguliwa huko pamoja na mabomba na matangi yake. Kiwanda hicho kiliacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013.

Wasichokijua wengi ni kwamba mkato huo huo, wa bomba kukutana na bomba, ndio alioanzia mhandisi mmoja wa Ufaransa alipokuwa akitafuta namna ya kuiwezesha tarakilishi kuchora bodi la gari. Mhandisi huyo ni marehemu Pierre Bézier, ambaye jina lake leo limo ndani ya takriban kila programu ya kusanifu vitu.

Pierre Étienne Bézier alizaliwa jijini Paris mnamo Septemba 1, 1910. Uhandisi ulikuwa kazi ya ukoo wao, kwani baba yake alikuwa mhandisi na babu yake vilevile. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo mashuhuri cha Arts et Métiers na kuhitimu mwaka wa 1930. Mwaka uliofuata akapata shahada ya pili, ya uhandisi wa umeme.

Mwaka wa 1933 aliajiriwa na kampuni ya magari ya Renault. Humo alikaa miaka 42, bila kuhama, mpaka alipostaafu mwaka wa 1975.

Licha ya shahada zake mbili, Bézier hakuanza kazi kwenye meza ya wakubwa. Alianza kama mtayarishaji wa zana kwenye mitambo ya kukatia chuma, kisha akahamia katika kuzichora zana hizo. Ni nafasi iliyomweka karibu na watu wanaoshika chuma kwa mikono, na ukaribu huo ulikuja kuongoza fikira zake zote baadaye.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkatiza. Mwaka wa 1940, Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani, alikuwa miongoni mwa maafisa waliotekwa na kuzuiliwa kambini. Huko, akiwa hana mtambo wala karakana, alifikiria mitambo ambayo ingekipitisha kipande cha chuma kutoka kituo kimoja hadi kingine chenyewe, kila kituo kikitoboa au kukata sehemu yake, bila mtu kukibeba.

Fikira hizo hazikupotea. Mwaka wa 1945 aliwekwa kuongoza ofisi ya uchoraji wa zana, na mwaka wa 1948 akawa mkurugenzi wa uhandisi wa uzalishaji. Mitambo aliyoiwazia kambini ikajengwa kweli, na ndiyo iliyotengeneza sehemu nyingi za injini na gia za gari dogo la Renault 4CV. Gari hilo liliundwa kuanzia 1947 hadi 1961, na zaidi ya magari milioni 1 yaliuzwa.

Hata hivyo, jambo lililomletea umaarufu duniani lilianza mwaka wa 1960, akiwa anakaribia kutimiza umri wa miaka 50, wakati ambapo watu wengi huanza kuhesabu miaka ya kustaafu.

Ili kuelewa alichokifanya, yafaa tujue jinsi bodi la gari lilivyobuniwa zama hizo.

Msanii alichora gari kwenye karatasi. Wachongaji wakaliumba kwa udongo maalumu, kwanza dogo, kisha kwa ukubwa wake kamili. Wapimaji wakachukua vipimo vya umbo lile kwa kukata violezo vya ubao au bati, kimoja baada ya kingine, toka mbele mpaka nyuma. Wachoraji nao wakavihamishia kwenye michoro mikubwa. Kutokana na michoro hiyo, mafundi wengine wakachonga umbo kuu la mti, na kutokana na umbo hilo zikatengenezwa kalibu za chuma za kukandamizia bati.

Kila hatua ilikuwa na mkono wake, na kila mkono ulibadilisha kidogo. Unywele mmoja ulipotea hapa, unywele mwingine ukaongezeka pale. Mwishowe mlango haukuingia vizuri kwenye fremu yake, na hapo lawama zikaanza. Mchoraji alimlaumu mpimaji, mpimaji akamlaumu mchongaji, naye mchongaji akasema udongo ulikauka. Hapakuwa na umbo moja ambalo wote wangekubali kwamba ndilo la kweli.

Bézier alitaka liwepo. Lengo lake lilikuwa kuliandika umbo lote kwa tarakimu, ili msanii, mtengeneza kalibu na mkaguzi wote wasome jambo moja lisilokauka wala kupinda. Tarakimu hizo hizo zingeuongoza mtambo wa kukatia, nao ungechonga kielelezo ambacho msanii angekitazama, akakipapasa na kukikosoa.

Si wote waliompokea vizuri. Yeye mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba kulikuwa na waliomwambia kuwa mfumo huo, lau ungekuwa na maana, basi Wamarekani wangekuwa wamekwisha kuubuni. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa kusikia maneno ya aina hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba yalisemwa Paris pia.

Sasa turejee kwenye mabomba yetu. Umbo la bomba huitwa mcheduara katika hesabu. Bézier aliwaza sanduku la pande sita, na ndani ya sanduku hilo micheduara miwili inayokatana. Pale inapokutana huzaliwa mstari uliopinda, mzuri na usio na kona. Ndio ule ule mstari wa wimbi ambao fundi wa Changamwe huuchora kwenye karatasi yake.

Kisha Bézier akauliza kitakachotokea sanduku likivutwa au kuinamishwa. Jibu ni kwamba mstari ulio ndani utafuata. Hivyo mbunifu hana haja ya kuushika mstari wenyewe. Inatosha ashike pembe za sanduku, na mstari utajipinda kwa adabu bila kuvunjika.

Baada ya muda aliliacha sanduku na kubakiza nukta chache za kuongozea. Kwa kawaida huwa nne. Mstari huanzia kwenye nukta ya kwanza na kuishia kwenye ya mwisho. Zile mbili za katikati haupiti juu yake, bali huvutwa kuzielekea. Ukiisogeza nukta moja, mstari wote hujirekebisha. Nyuma ya pazia kulikuwa na hesabu za polinomia zilizotokana na kazi ya Mrusi Sergei Bernstein ya mwaka wa 1912, lakini msanii hakuhitaji kuzijua.

Kutoka mstari aliingia kwenye uso. Nukta 16, zilizopangwa safu nne kwa nne kama vyandarua vya wavuvi, huunda kipande kimoja cha uso uliopinda. Vipande hivyo vikiunganishwa kwa uangalifu, hupatikana mlango, paa au boneti.

Mfumo wake aliupa jina la UNISURF, na mwaka wa 1968 ulikuwa umeanza kutumika Renault. Uliweza kuchora kwa ukubwa kamili na kuuongoza mtambo wa kukatia vielelezo. Kufikia wakati anastaafu mwaka wa 1975, ulikuwa umekuwa sehemu ya kazi za kila siku.

Lakini kuunda uso uliopinda ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuukata. Mlango bila tundu la dirisha si mlango, na bawa la mbele la gari lisilo na nafasi ya taa halina kazi. Hapa ndipo wahandisi waliomfuata Bézier walipotoka jasho, na hata leo mwanafunzi anayejifunza programu za usanifu hukwama papo hapo.

Tatizo ni kwamba hesabu ya uso haijui tundu. Zile nukta 16 hueleza kipande kizima, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Huwezi kuziamuru ziache uwazi wa duara katikati.

Ufumbuzi uliopatikana ni wa werevu. Kila mahali kwenye uso uliopinda pamepewa anwani ya tarakimu mbili, mithili ya latitudo na longitudo kwenye ramani ya dunia. Kwa hivyo uso huo una ramani yake bapa. Programu huuacha uso ukiwa mzima, kisha kwenye ile ramani bapa huchora mpaka wa tundu na kuamuru kwamba sehemu iliyo ndani ya mpaka isionekane wala isihesabiwe. Uso haukatwi kwa hakika, ila hufichwa.

Msomaji atakuwa amekwisha kuitambua njia hiyo. Ni ile karatasi ya fundi wa mabomba: umbo lililopinda hutandazwa likawa bapa, mkato ukachorwa huko kwenye ubapa, kisha ukarudishwa mahali pake.

Tofauti ni kwamba bomba hutandazika bila kuchanika, ilhali boneti ya gari haitandaziki. Ijaribu kwa ganda la chungwa utaona. Mduara uliochorwa kwenye ramani ya boneti utatokea juu ya boneti ukiwa yai, na mbunifu asiyelijua hilo hulalamika kuwa tarakilishi imekosea.

Ugumu huzidi pale nyuso mbili zilizopinda zinapokatana zenyewe kwa zenyewe. Mstari ulionyooka una mlinganyo wa kipeo cha kwanza, na duara lina wa kipeo cha pili. Mstari ambapo vipande viwili vya nukta 16 hukutana huweza kufikia kipeo cha 324. Hakuna programu inayoukokotoa mlinganyo wa namna hiyo moja kwa moja. Zote hutafuta nukta nyingi za makutano, moja baada ya nyingine, kisha huziunganisha kwa mstari unaokaribia ukweli.

Ndiyo kusema kwamba kila mkato wa tarakilishi una mwanya mdogo ambao jicho halioni, na mbunifu hupaswa kuamua ni mwanya wa kadiri gani anaoweza kuuvumilia. Fundi wa Changamwe naye huamua vivyo hivyo kila anapojua kwamba nafasi ndogo iliyobaki itajazwa na uchomeleaji. Mchongaji wa vinyago katika chama cha ushirika cha Akamba, kilichoanzishwa huko huko Changamwe mwaka wa 1963, hana uvumilivu wa aina hiyo. Tezo lake likishaondoa kibanzi kwenye mgongo wa twiga, hakuna wa kukirudisha.

Tukimsifu Bézier, haki inatudai tumtaje mtu mwingine.

Huyo ni Paul de Casteljau, mwanahesabu aliyezaliwa mwaka wa 1930 na kuajiriwa na kampuni pinzani ya Citroën mwaka wa 1958. Kufikia mwaka wa 1959 alikuwa amegundua mistari ile ile kwa njia yake, pamoja na namna rahisi ya kuikokotoa kwa kugawa na kugawa tena. Kwa hesabu ya miaka, alimtangulia Bézier.

Lakini Citroën iliifanya kazi yake kuwa siri ya kampuni. Maandishi yake yalibaki kabatini kwa miaka mingi, na ulimwengu wa wasomi ulianza kuyafahamu vyema miaka ya 1970, wakati jina la Bézier lilikuwa tayari limeenea. Wataalamu wakajitahidi kusawazisha mambo, na njia ya kukokotoa ikapewa jina la de Casteljau. Mistari yenyewe iliendelea kuitwa ya Bézier. Mwaka wa 2012 de Casteljau alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya wataalamu wa usanifu wa maumbo, na tuzo hiyo yenyewe inaitwa Tuzo ya Bézier. Aliaga dunia mwaka wa 2022.

Bézier hakumwibia mtu. Kila mmoja alifika kwa njia yake. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja aliruhusiwa kusema na mwingine alizibwa mdomo. Kuanzia miaka ya 1960 Bézier alichapisha makala, na mwaka wa 1970 akatoa kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Kuanzia 1968 hadi 1979 alikuwa pia profesa katika taasisi ya CNAM jijini Paris, ambayo inajulikana kwa kuwafunza watu walio kazini.

Kiu yake ya elimu haikuzimwa na kustaafu. Mwaka wa 1977, miaka miwili baada ya kuondoka Renault, alipata shahada ya udaktari katika hesabu kutoka Chuo Kikuu cha Paris. Mwaka wa 1985 alipewa tuzo ya Steven Anson Coons, ambayo ni miongoni mwa tuzo za juu kabisa katika taaluma ya michoro ya tarakilishi.

Wakati huo mistari yake ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya magari. Lugha ya uchapishaji ya PostScript, iliyotolewa mwaka wa 1984, iliitumia kuchora umbo la kila herufi. Herufi ambazo msomaji anazisoma sasa kwenye kioo chake, mzunguko wa "a" na tumbo la "b", zimepindwa kwa nukta za kuongozea za aina ile ile.

Pierre Bézier alifariki mnamo Novemba 25, 1999, akiwa na umri wa miaka 89.

Maisha yake yana funzo kwa sisi wa bara ya Mombasa. Huko Miritini, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers huunganisha magari kutokana na vipande vilivyobuniwa ng'ambo. Vipande hivyo huingiana kwa sababu vyote vilitokana na tarakimu moja, kama Bézier alivyotaka. Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe hujifunza programu za usanifu wakibonyeza vitufe ambavyo vimeficha hesabu zake.

Wakati huo huo, fundi aliyekata mabomba kwa karatasi na chaki anazeeka. Hajaandika popote jinsi anavyogawa mzunguko, wala jinsi anavyokisia kina cha kila sehemu bomba likiingia kwa mshazari. Wanagenzi waliokuwa wakimtazama wamepungua tangu kiwanda cha mafuta kilipozima tanuri zake. Ujuzi wake haukufungiwa na kampuni yoyote, lakini uko katika hatari ile ile iliyompata de Casteljau: kubaki mahali ambapo hakuna anayeusoma.

Kinachohitajika si kitu kikubwa. Mwalimu wa chuo cha ufundi mwenye daftari na kamera anaweza kukaa na fundi mmoja kwa siku chache, akaandika kila hatua kwa Kiswahili na kuwafunza wanafunzi wake wakate bomba kwa karatasi kabla hawajalikata kwenye tarakilishi. Bézier aliyeanzia kwenye zana na chuma angeielewa shule ya namna hiyo, maana ndiyo aliyoipitia mwenyewe kabla ya kuandika mlinganyo wake wa kwanza.